Taka Zilipogeuka Pointi: Historia ya Timu ya Mathare



Ukitoka hapa kwetu Ziwani, ukapita Starehe, ukatokea Pangani na kuishika Juja Road, saa moja haitaisha kabla hujayaona mabati ya Mathare yakimetameta kule bondeni. Hiyo si safari ya matatu, ni ya miguu. Wengi katika shule yetu wana jamaa huko, na wengine hutoka huko huko kila asubuhi kuja masomoni. Hata hivyo, nilipouliza darasani ni nani ajuaye jinsi timu ya Mathare United ilivyoanza, nilijibiwa kwa mkato: "Ilianzishwa na mzungu mwenye pesa." Jibu hilo lina ukweli wake, lakini ni sawa na kusema kwamba ugali hupikwa na sufuria. Kuna maji, kuna unga, kuna moto, na kuna mkono unaosonga. Makala haya yanahusu huo mkono.

Turudi nyuma hadi 1987. Huo ulikuwa mwaka wa kandanda jijini Nairobi. Uwanja wa Kasarani ndio kwanza ulikuwa umekamilika, na mwezi wa Agosti Michezo ya Bara la Afrika ikafanyika hapa nyumbani. Harambee Stars waliingia fainali, wakafungwa na Misri bao moja kwa nunge. Kabla mwaka haujaisha, Gor Mahia ikatwaa Kombe la Washindi barani Afrika. Walitoka sare na Esperance ya Tunisia mara mbili, 2-2 kule Tunis na 1-1 hapa Nairobi, na mabao ya ugenini yakaamua. Baba yangu, ambaye ni Gor damu, huisimulia mechi hiyo kila mara tukiketi kula, na kila akisimulia idadi ya watu waliokuwa uwanjani huongezeka.

Sasa, kutoka Kasarani unateremka Thika Road kilomita chache tu unafika Mathare. Huko hapakuwa na taa za uwanja wala viti vya kukalia. Watoto walicheza vichochoroni na kwenye vipande vya ardhi vilivyosalia kati ya nyumba na taka, tena kwa mpira wa makaratasi. Sisi tuliozaliwa juzi huenda hatuujui mpira huo vizuri, basi nitaueleza. Unachukua matambara au sponji, unayakunja, unayafunga kwa karatasi za nailoni moja juu ya nyingine, kisha unasuka kamba juu yake mpaka uwe mviringo na mgumu. Haudundi sana, lakini hautoboki kwa msumari wala kigae cha chupa. (Tangu serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, hata hizo karatasi zimeadimika. Sheria yenyewe naiunga mkono, ila wenye mipira hawakuulizwa.)

Mzungu tuliyeambiwa ni Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi ya ushauri wa mazingira na maendeleo. Aliwakuta watoto wa Mathare wakicheza, na shida yao ilikuwa ile ile ya watoto wote: mpira wa kweli na refa asiyependelea. Hakuwapa bure. Aliwaambia kuwa wakifanya jambo naye atafanya jambo, na wasipofanya naye hatafanya. Jambo lenyewe lilikuwa kusafisha mtaa wao. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa mwaka huo wa 1987 chama cha michezo cha vijana wa Mathare, ambacho kila mtu hukiita MYSA.

Je, kwa nini taka? Kwa nini asiwaambie wasome kwa bidii, au waimbe, au wapande maua? Hapa yafaa tulijue bonde lenyewe. Mathare palikuwa machimbo ya mawe. Watu walijenga nyumba za udongo, baadaye za mabati, na kwa miaka mingi wakuu wa jiji waliuhesabu mtaa huo kana kwamba haupo. Mtaa usiokuwepo kwenye ramani hauletewi lori la taka. Maganda, majivu, makopo na uchafu mwingine nisioutaja kwa heshima ya walimu wetu vilitupwa mitaroni au mtoni. Mtaro ukiziba, mvua ya masika inaponyesha, maji hayana njia ila mlango wa mtu. Yaingiapo nyumbani huja na kuhara na homa, na anayeumia kwanza ni mtoto. Zaidi ya hayo, taka zilikuwa zimekalia viwanja vyenyewe. Ukitaka pa kuchezea, ilikubidi kwanza uchimbue.

Lakini kuna jambo jingine ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni aibu. Hebu tuseme ukweli. Hapa Nairobi mtu anayeshika taka tunamwita chokora. Tunamcheka, tunajiziba pua, wengine hata humrushia mawe. Kijana wa miaka kumi na minne yuko radhi aonekane akipigana kuliko aonekane na wilbaro ya uchafu karibu na nyumba za wasichana. Ukimhubiria usafi atakusikiliza kwa adabu, halafu atakwenda zake. Aibu haiondolewi kwa hotuba. MYSA waliiondoa kwa hesabu, na hesabu yenyewe ni rahisi hata kwa sisi tunaoanguka somo hilo.

Katika ligi yao timu ikishinda mechi ilipata pointi 3, kama ilivyo kila mahali. Timu ikitoka pamoja na kumaliza kazi ya kusafisha waliyopangiwa, ilipata pointi 6. Pointi hizo hazikuandikwa katika daftari la kando la watoto wazuri. Ziliingia katika jedwali lile lile la ligi, zikajumlishwa na za mabao.

Tuchukue mfano wangu mwenyewe. Kuna timu mbili, na kila moja imecheza mechi kumi. Timu ya kwanza ni ya mafundi wa chenga. Imeshinda mara saba na kushindwa mara tatu, kwa hivyo ina pointi 21. Lakini wao ni mabwana, taka hawagusi. Timu ya pili ni ya kawaida tu. Imeshinda nne, ikatoka sare mbili, ikafungwa nne. Hiyo ni pointi 14. Ila wamesafisha mara mbili, wakaongezewa 12. Jumla 26! Wale mafundi wanatazama jedwali na kuwakuta wanyonge wako juu yao. Unafikiri Jumamosi inayofuata watakuwa wapi? Watakuwa mtaroni, suruali zimekunjwa hadi magotini, na kapteni wao ndiye atakayekuwa akipiga kelele kwamba fulani amechelewa.

Ndipo mambo yakageuka. Kijana mwenye jembe na reki hakuwa chokora tena. Alikuwa mchezaji anayetafuta pointi, na mtu akimcheka alikuwa akiicheka timu nzima. Jirani yetu mmoja hapa Ziwani, ambaye alikulia Mathare na kucheza katika ligi hiyo utotoni, aliniambia kwamba wao waliona haya kusafisha siku ya kwanza tu. Siku ya pili walikuwa wakigombania nani ashike wilbaro. Nilimuuliza kama harufu haikuwasumbua. Akacheka, akasema harufu ni ya wote, hata wapinzani wainusa.

Kazi hiyo ilisikika mbali. Mwaka wa 1992 MYSA ilipewa tuzo ya Global 500 na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake makuu, kama mjuavyo, yako hapa hapa Nairobi, kule Gigiri. Miaka ya 2003 na 2004 chama hicho kilipendekezwa kwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Hakikuipata, lakini kutajwa tu na watu waliokuwa wakichimbua mitaro si mchezo.

Sasa tuje uwanjani. Sote tunaijua kadi ya manjano na kadi nyekundu. MYSA walikuwa na ya tatu, ya kijani. Refa alimpa mchezaji aliyeonyesha uungwana mkubwa kuliko wote katika mechi. Yule aliyepata kadi nyekundu naye hakukaa nyumbani tu akisubiri adhabu iishe. Alitakiwa kwanza achezeshe mechi kadhaa za watoto wadogo akiwa refa. Adhabu hiyo naipenda mno! Mtu aliyezoea kumfokea refa apewe kipenga, asimame katikati ya watoto ishirini na wawili wote wakidai penalti. Natamani tungekuwa nayo hapa shuleni, na majina ya kuanzia ninayo.

Mambo ya karo pia yaliwekewa pointi. Kijana aliyejitolea kufundisha timu ya watoto, kuchezesha mechi, kusimamia usafi au kuelimisha wenzake juu ya Ukimwi alijikusanyia pointi zake binafsi. Waliokuwa na nyingi walipata msaada wa masomo, na pesa zilikwenda moja kwa moja shuleni, si mkononi mwa mtu. Wanaosoma shule ya kutwa wataelewa uzito wa jambo hilo. Kila muhula kuna dawati linalobaki wazi kwa wiki mbili au tatu, na mwenyewe akirudi hatumwulizi alikuwa wapi kwa sababu tunajua.

Tena vijana wenyewe ndio walioendesha mambo. Ligi iligawanywa katika kanda, zikafika 16, zikatoka Mathare zikaenea Eastleigh, Huruma, Kariobangi hadi Kayole. Kila kanda ilichagua viongozi wake kwa kura, nao wakawachagua wa juu. Wanachama walipita 20,000. Aliyepanga ratiba ya mechi, aliyeandika pointi, aliyekagua kama mtaro kweli umesafishwa au umefunikwa majani juu juu, wote walikuwa vijana wa rika letu au waliotuzidi kidogo. Huo ndio mkono niliousema.

Mimi ni msichana, na sehemu inayofuata ndiyo niliyoitafuta kwa hamu. Miaka mitano ya kwanza ligi ilikuwa ya wavulana. Wasichana waliingizwa 1992, na mambo hayakuwa rahisi. Mama anayetoka alfajiri kwenda kufulia watu nguo au kuuza sukumawiki humwachia binti yake mtoto mdogo, maji ya kuteka na chakula cha kupika. Mvulana akitoka kwenda kucheza nyumba haitikisiki. Msichana akitoka, nyumba imesimama. Tena wapo wazazi walioona kuwa kaptura na mpira vitamharibu mtoto wa kike. Kwa hivyo kuanzisha ligi ya wasichana hakukuwa tu kununua mipira zaidi. Ilibidi wazazi washawishiwe mmoja mmoja, na kazi za nyumbani zitafutiwe nafasi yake. Kuhusu kusafisha, jamani, wasichana hawakuhitaji somo. Walikuwa wakisafisha tangu wazaliwe bila kupewa hata pointi moja. Baadaye timu za wasichana nazo zilipanda ndege kama za wavulana kwenda kushindana katika Norway Cup, yale mashindano makubwa ya vijana ya mjini Oslo.

Kufikia 1994 watoto wa mwanzo walikuwa wameshakuwa vijana wenye ndevu. Ligi ya watoto haikuwatosha tena. Hapo ndipo ilipoundwa Mathare United, timu ya wakubwa, wachezaji wake wakiwa wametoka katika timu hizo hizo za mitaani. Na sharti halikubadilika: mchezaji wa Mathare United alitakiwa kutoa saa zake kuwafundisha wadogo na kuhudumia mtaa. Usifikiri walipata sifa wakaacha jembe.

Mwaka wa 1998, ikiwa bado haijapanda ligi kuu, timu hiyo ilitwaa Moi Golden Cup. Hebu waza, timu ya daraja la chini inawapita vigogo wote na kubeba kombe la nchi! Ushindi huo uliwafikisha katika mashindano ya Afrika ya 1999, na mwaka huo huo wakawa katika ligi kuu. Mwaka wa 2000 wakalibeba kombe hilo tena. Timu ya taifa nayo ikafaidika. Harambee Stars walipokwenda Tunisia kwa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka wa 2004, walikuwamo waliopikwa Mathare kama Titus Mulama na Dennis Oliech. Tulifungwa na Mali na Senegal, lakini tuliwanyuka Burkina Faso 3-0, Oliech akifunga moja. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza kabisa wa Kenya katika fainali hizo, ingawa tulikuwa tumeanza kushiriki tangu 1972. Francis Kimanzi, naye mtoto wa MYSA, baadaye alifika kuwa kocha wa timu ya taifa.

Lakini mwaka ninaoutaka tuutazame vizuri ni 2008. Mnajua ulivyoanza. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliwaka moto, na Mathare ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana Nairobi. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wakahama kila mmoja kwenda upande wa kabila lake. Ndipo katika mwaka huo huo Mathare United ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya kwa mara ya kwanza.

Hapa inafaa kukumbuka klabu zetu kubwa zilikotoka. AFC Leopards ilianza 1964 kwa jina la Abaluhya United, baada ya timu ndogo nyingi za Waluhya kuungana. Gor Mahia ilizaliwa 1968 kwa kuunganisha Luo Union na Luo Stars. Serikali ilipokataza majina ya kikabila mwaka wa 1980, Abaluhya ikawa Leopards, lakini kubadilisha jina hakubadilishi waliokaa jukwaani. Mgala muue na haki umpe: klabu hizo zilitupa raha na heshima, na waanzilishi wake waliishi mitaa kama yetu, mbali na kwao, wakitafuta pa kukutania. Siwalaumu. Mathare tu ilikuwa imefungwa kwa kamba nyingine. Timu iliundwa kwa mtaa, na mtaa una makabila yote. Kumi na mmoja waliosimama uwanjani mwaka huo wa 2008 walijuana tangu wakiwa na miaka kumi, mtaroni, na kule mtaroni hapakuwa na foleni ya kabila lolote. Sitadai kuwa mpira uliuzima moto wa Mathare. Ninachosema ni kwamba timu hiyo haikuvunjika katika mwaka ambao vitu vingi vilivunjika.

Turudi sasa kwa wanaosema ni pesa za wazungu. Ndiyo, misaada ilikuja, hasa kutoka Norway, na bila hiyo safari na karo nyingi zisingekuwako. Lakini ni miradi mingapi ya misaada tunayoijua Eastlands ambayo imebaki kibao tu, kimepigwa kutu? Pesa zinaweza kununua mipira elfu. Haziwezi kumtoa kijana nyumbani Jumamosi asubuhi ashike taka za watu wengine. Kilichomtoa ni jedwali.

Hata hivyo pesa nazo zikikosekana hujitambulisha. Mwaka wa 2019 kampuni ya SportPesa, iliyokuwa ikidhamini ligi kuu, iliacha udhamini wake nchini kufuatia mzozo na serikali, na klabu nyingi zikayumba. Mathare United haikusalimika. Ilikumbwa na ukata, wachezaji wakatawanyika, mwishowe mabingwa wa 2008 wakashuka daraja. Mashabiki wa timu nyingine hapa shuleni walicheka sana. Mimi sikucheka, ingawa nyumbani kwetu ni Gor.

Mwaka wa 2024 walipanda tena ligi kuu. Ni mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, mvua ilipofurisha mto Mathare, watu wakafa na nyumba nyingi zikasombwa. Hapa Nairobi mto na mtaro havijali umekaa mtaa gani. Maji yanayotiririka nyuma ya nyumba zetu nayo tunayajua rangi yake.

Ndiyo maana nimeandika pendekezo kwa kapteni wetu wa michezo kuhusu ligi ya madarasa ya muhula ujao. Darasa likisafisha mtaro ule ulio kati ya uwanja wetu na jikoni, lipewe pointi, ziandikwe katika jedwali lile lile la mabao, ubaoni, mahali kila mtu ataziona. Sikuthubutu kuandika 6, nimeandika 4. Kapteni amesema wavulana wa Kidato cha Nne watakataa kwa sababu wao ndio wanaoongoza ligi na mtaro hawajawahi kuusogelea. Nimemjibu kuwa hiyo ndiyo sababu hasa. Bado analifikiria.